Kibodi ya Mjomba na Kikokotoo Changu

Aliyewahi kuandika programu kwenye kikokotoo cha TI-83 Plus anaijua adha ya herufi. Vitufe vyenyewe ni vya tarakimu, sine na logi; herufi zimebandikwa juu yake kwa mpangilio wa A, B, C, na ili kuipata moja unabonyeza ALPHA kwanza. Ukitaka neno zima unaifunga ALPHA, ukifika kwenye namba unaifungua, kisha unaifunga tena. Mimi nilikuwa naandika kila kitu humo: programu, kanuni za fizikia, hata muhtasari wa masomo. Gumba liliuma, na mawazo yalikuwa yanakimbia kuliko mkono.

Kwa Mjomba, ambaye ni fundi redio, palikuwa na kibodi ya zamani ya kompyuta, ile yenye plagi ya duara ya PS/2. Siku moja nikaishika na kumuuliza kama inaweza kuandika kwenye kikokotoo.

"Hicho kikokotoo kina mlango gani?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. TI-84 Plus zilikuwa zimeshatoka tangu 2004 zikiwa na tundu dogo la USB, na watu walishaziandikia kiendeshi kiitwacho usb8x kinachoziwezesha kusoma kipanya na kibodi za USB. Changu kilikuwa cha kizazi cha nyuma yake. Hakina USB, kina tundu moja tu la milimita 2.5, la kuunganishia kikokotoo na kikokotoo. Texas Instruments wenyewe, watengenezaji wake, waliwahi kuuza kibodi ya kuchomeka hapo hapo, lakini mimi nilitaka hii ya kawaida iliyokuwa mbele yangu.

Nilikuwa nimesoma kuhusu tundu lile, nikamweleza Mjomba. Lina waya tatu: moja ya ardhi, na mbili za kusemea. Zikiwa hazina kazi, hizo mbili zinakaa juu, yaani zina umeme. Anayetaka kusema anaivuta moja chini hadi ardhini. Mjomba akaacha alichokuwa anafanya.

"Mpwa wangu, kibodi nayo inafanya hivyo hivyo."

Akachora kwenye karatasi. Kibodi ya PS/2 ina waya ya saa, inayopiga mapigo ya kuonyesha wakati wa kusoma, na waya ya data, na kila moja inavutwa juu na rezista, yaani kipingamizi cha umeme. Hakuna upande unaosukuma umeme kwenda upande wa pili, kila upande unaweza kuvuta chini tu. "Ni kama kamba," akasema. "Kamba unaivuta, huisukumi. Ndiyo maana hawawezi kuunguzana." Vyombo viwili, vya watengenezaji wasiofahamiana, kimoja cha hesabu na kingine cha kompyuta za 1987, vilikuwa vinaongea kwa adabu moja. Mpaka leo nikikumbuka karatasi ile nafurahi.

Lakini Mjomba si mtu wa kuchomeka kitu kwa imani. "Usiunganishe usichokipima." Tukachukua tundu la PS/2 kutoka kwenye bodi mbovu ya kompyuta ili tusiikate kibodi ya watu, akaniwekea mita mkononi. Plagi ina pini sita, na mbili kati yake hazina kazi. Pini ya 1 ni data, ya 3 ni ardhi, ya 4 ni volti 5, ya 5 ni saa. Rangi za waya ndani ya kebo huwezi kuziamini, kila mtengenezaji anaweka zake. Kwa hiyo nilifuata pini moja moja, mita ikilia kila ncha mbili zinapokutana. Upande wa pili tukalehemu plagi ya milimita 2.5: ncha ikachukua data, pete ya katikati ikachukua saa, shina likawa ardhi. Mjomba alinifundisha kupasha waya kwanza, halafu risasi iyeyuke yenyewe juu yake. Ikiwa imeshika vizuri inang'aa na kuteleza. Ikiwa na ukungu na vidonge, rudia.

Ikabaki nguvu. Kikokotoo kinaishi kwa betri nne ndogo na tundu lake halikuwekwa la kulishia chombo kingine. Tukakata kebo ya USB isiyotumika: nyekundu volti 5, nyeusi ardhi. Ardhi ya kebo, ya kibodi na ya kikokotoo tukazikutanisha mahali pamoja, maana bila hivyo hakuna anayejua "chini" ya mwenzake iko wapi.

Programu ilikuwa kazi yangu, na niliiandika kwa asembli, lugha ya moja kwa moja ya prosesa, kwa ajili ya Z80 iliyomo ndani ya kikokotoo. Kibodi hutuma kila baiti kwa biti 11, yaani 0 na 1 kumi na moja: ya kuanzia ambayo ni 0, nane za data zikianza na ndogo, moja ya kuhakiki, na ya kumalizia ambayo ni 1. Kila waya ya saa inaposhuka, unasoma waya ya data. Saa hiyo inapiga kati ya mara 10,000 na 16,700 kwa sekunde, na prosesa ya kikokotoo inakwenda kwa megahezi 6, kwa hiyo kati ya pigo na pigo kuna mizunguko kama 360 hadi 600. Kwa mtu wa kompyuta za leo ni ufinyu, ila kwa Z80 ni nafasi tele ya kusoma poti namba 0, ambako waya za tundu lile zinasomeka, kuitenga biti na kuihifadhi. Sharti ni kuzima makatizo, yaani ishara zinazoisimamisha prosesa ifanye kazi nyingine, la sivyo mfumo wenyewe wa kikokotoo utaingilia katikati ya herufi. Na ukizima makatizo kisha kibodi ikanyamaza, programu inasubiri milele, unalazimika kutoa betri, na kila kilichomo kwenye RAM kinafutika. Kwa hiyo niliweka hesabu ya kusubiri: ikiisha bila saa kushuka, programu inajiondoa.

Kero moja ilikuwa kwamba tundu ni hilo hilo. Kila nikibadilisha mstari nachomoa kibodi, nachomeka kebo ya kompyuta, natuma programu, nachomoa, narudisha kibodi. Mjomba alikuwa anaendelea na redio za wateja wake huku akinitupia jicho.

Ilipokuwa tayari nilianzisha programu kwanza, kibodi ikiwa haina umeme. Kisha nikamwambia, "Mjomba, washa." Akachomeka kebo. Taa tatu za kibodi zikawaka kwa pamoja na kuzima, na kwenye skrini ya kikokotoo pakatokea AA.

Hatukuwa tumebonyeza kitu. AA, kwa namba za msingi wa 16 zinazotumia tarakimu na herufi A hadi F, ni baiti ambayo kibodi hutuma ikipata umeme na kumaliza kujikagua: niko mzima. Kikokotoo kilikuwa kimelisikia neno lake la kwanza. Nikabonyeza kitufe cha A: 1C. Nikaachia: F0, kisha 1C tena, maana kibodi hutoa taarifa hata ya kidole kinapoondoka. Mjomba akaweka pasi ya kulehemu pembeni, akavuta kiti. Akabonyeza B, ikaja 32. C, 21.

"Mbona hazifuatani?"

Hazifuatani kweli, namba za vitufe hazina uhusiano na alfabeti, na ndiyo maana ilibidi niandike jedwali zima, kitufe kwa kitufe, yeye akibonyeza na kunisomea. Tatizo lililokuwa limebaki ni kwamba kikokotoo kikiwa kinachora herufi kwenye skrini hakisikilizi, na Mjomba anapiga vitufe kwa kasi. Dawa iko ndani ya PS/2 yenyewe: kikokotoo kikiishika waya ya saa chini, kibodi inanyamaza na kuweka akiba, mpaka baiti 16, halafu inazitoa ikiachiwa. Nikaongeza hilo, na herufi zikaacha kupotea.

Kipanya tulikigusa mwishoni, kwa sababu Mjomba aling'ang'ania. Chenyewe kikishasema AA na 00 kinakaa kimya kabisa, lazima uanze wewe kukisemesha: unaivuta saa chini kwa angalau mikrosekunde 100, unashusha data, unaachia saa, kisha unatuma F4, amri ya kuanza kutoa taarifa, kwa mapigo yake. Kikajibu FA, yaani nimepokea, na kila kiliposogezwa zikaja baiti tatu. Kipanya huhesabu kwenda juu kuwa chanya, ilhali mistari ya skrini inahesabiwa kuanzia juu, hivyo Y niliigeuza. Skrini ina nukta 96 kwa 64, na kipanya, kama kilivyo bila kurekebishwa, hutoa hesabu 4 kwa kila milimita. Milimita 24 tu na umeshavuka skrini nzima. Nikagawanya mwendo kwa mbili, Mjomba akachora alama ya rezista yenye mikunjo yote, akaridhika.

Mimi nikarudisha kibodi. Kwenye skrini ndogo vile kipanya ni cha kuchorea tu, na nilikuwa na kanuni nyingi za fizikia za kuandika.