Kona Hamsini na Saba, na Kalavati Moja

Maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nimeyaona. Januari ni wakati wake, na uwanda wote ulikuwa wa njano, mweupe na zambarau. Lakini safari yangu ilikaa zaidi ya saa tano kwenye shimo moja la barabarani, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Pale Chimala, chini ya mlima, nilitozwa nauli ya shilingi 15,000 hadi Matamba, kijiji cha kuelekea Kitulo, tukabanwa wanne kwenye siti ya watatu. Nilipolalamika, konda alijibu kuwa hiyo ni bei ya mvua. Kutoka bonde la Usangu barabara inapanda ukingo wa milima ya Kipengere kwa kona kali ambazo wenyeji wameshazihesabu, na mlima wenyewe wanauita Hamsini na Saba.

Tulikuwa tumevuka nusu ya kona tulipokuta Fuso la viazi limesimama, utingo amekwisha weka mawe kwenye matairi. Mbele yake upande wa bondeni wa barabara ulikuwa umeondoka, shimo la kina cha kiuno, na bomba la kalavati, lile la kupitisha maji chini ya barabara, linaning'inia ndani yake. Abiria walianza kuokota mawe na kuyatupa humo ili tupite.

"Acheni kwanza," alisema mzee mmoja aliyeshuka kwenye pikapu iliyokuwa nyuma yetu. Dereva wa Fuso alimwita Afande. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku akifunga kamba za buti. Baadaye niliambiwa alikuwa mhandisi wa medani, mwanajeshi wa madaraja na barabara, katika vita vya Kagera, akasomea ujenzi alipotoka jeshini, akasimamia barabara mpaka akastaafu. Sasa anapanda milima hii kwa miguu, hema mgongoni.

Shimo hakuligusa. Alipanda na mtaro wa juu kama mita 80, sisi watatu tukamfuata. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kona mbili za juu bila kutolewa popote, yote yanaletwa kwenye bomba moja la sentimeta 60. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na matawi ya miti ya milingoti, mabua, chupa za plastiki na tope. Maji yalipokosa njia yalijaa, yakavuka juu ya barabara, yakaangukia upande wa bondeni na kula udongo kuanzia chini. Shimo hukua likirudi nyuma, kuelekea mlimani. Ndiyo sababu mawe ya kutupa ovyo hayasaidii: maji hupita katikati yake na kuendelea kuchimba, na usiku lori linazama na mawe yake.

Kwanza tulichimba mchepuo mtaroni, kwa mshazari, ili maji yatokee kwenye nyasi kabla hayajafika kwenye kalavati. Shimo likakauka. Halafu tukazibua bomba, kijana mmoja akivuta uchafu kwa mti wenye kulabu kutoka upande wa chini. Afande hakuruhusu mtu kuingiza kichwa upande wa juu, kwa sababu kizibo kikiachia ghafla maji humvuta mtu ndani.

Dereva wa Fuso alikuwa na salfeti tupu 38. Hapa niliona kazi ya mkono uliozoea. Salfeti inajazwa theluthi mbili tu, mdomo unakunjwa chini yake. Ikijazwa pomoni inakuwa ngumu kama gogo, haikai kwenye umbo la jirani yake, na maji yanapata upenyo. Mstari wa kwanza tuliulaza juu ya mawe makubwa yaliyozikwa kwenye udongo mgumu, upande mrefu wa jiwe ukiingia ndani ya mlima, siyo kulala sambamba na ukingo. Mstari wa pili ulikaa juu ya maungio ya ule wa kwanza, kama tofali, na kila mstari ulirudi nyuma kidogo kuegemea barabara.

Nyuma ya salfeti tulirudishia changarawe kwa matabaka ya sentimeta 15, kila tabaka likishindiliwa kwa kipande cha mlingoti kilichopigiliwa mpini. Udongo aliupima kiganjani. Akiufinya ukashikamana bila kuchuruzika maji, unafaa. Ukimwagika kama unga, nyunyizia maji. Ukichuruzika, utupe, hautashindilika hata ukiutwanga mpaka jioni. Mwisho alivuta uzi, akaning'iniza chupa ya soda yenye maji nusu kuwa levo, yaani kipimo cha usawa, mpaka ukingo ukawa chini kwa sentimeta 10 katika mita 2. Maji yasikae juu ya kiraka.

Tukiwa tunashindilia alizungumzia Kagera mara moja tu. "Daraja la Kyaka lilipolipuliwa, Novemba 1978, kila mtu alitutazama sisi. Nilitaka kuanza kufunga vyuma. Mkubwa wangu akanituma kwanza nikatazame ukingo wa mto."

Pikapu ilivuka kwanza ikiwa tupu, ikiambaa mlimani. Abiria tulipita kwa miguu. Fuso lilishusha nusu ya viazi, likavuka, likapakia upya, na dereva hakunung'unika.

Kabla hatujaachana Afande aliitazama suruali yangu ya jinzi iliyolowa. Akaniambia niivue mapema, maana jinzi haikauki, na Kitulo, kwenye mita 2,600, baridi ni kama nyuzi 10 zaidi ya Chimala. Akanishauri nisilale kwenye kibonde, kwa kuwa hewa baridi hutelemka usiku ikakaa humo, na nitunze soksi moja kavu ya kulalia tu.

Gesti ya Matamba ilinitoza 40,000, bila maji ya moto na blanketi moja. Kitulo nilikaa siku mbili. Kwenye nyasi niliona vijishimo, na mwenyeji wangu akasema ni vya wachimba vikande, mizizi ya okidi inayosafirishwa hadi Zambia kuliwa. Vilinitia uchungu. Okidi iliyong'olewa mzizi haichipui tena pale.

Niliporudi niliteremka kona zile nikiwa nimekaa dirishani. Kiraka kilikuwa kimepigwa na mvua mbili. Salfeti zote zilikuwa mahali pake, na majani makavu yamekusanyika kwenye mchepuo, siyo kwenye bomba.

Nyumbani kwetu, Kigogo, Dar es Salaam, kila masika tunatoa magodoro nje na kulaumu mvua. Jana asubuhi nilichukua ufito wa mita 3, nikauingiza kwenye kalavati la mtaa wetu. Uliingia mita moja ukagota. Jirani yangu ameleta chepe, na tumekubaliana kuanza na mtaro wa juu, kule sokoni.