Nilikuwa nimezama

Jana nimefika Kalenga kwa bibi jioni, jua linakaribia kuzama na baridi ya Iringa ishaanza kung'ata. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, nikaongeza na salamu ya Kihehe, "Kamwene!" Kimya. Mlango uko wazi, moshi unatoka jikoni. Moyo ukaanza kunienda mbio, maana bibi ni mtu mzima.

Kumbe yuko uani, kakaa mkekani, miguu kainyoosha, anasuka kikapu cha milulu. Kidole gumba kinabana, cha shahada kinapitisha unyasi, anavuta, anabana tena. Midomo inahesabu bila sauti. Pembeni viazi vimekaukiwa maji, vimeshika sufuria, harufu imejaa uwanja mzima.

"Shikamoo bibi."

Akashtuka. "Marahaba mjukuu wangu! Umeingia saa ngapi? Nilikuwa nimezama."

Neno hilo nimelala nalo. Kuzama ni la jua na la mtumbwi, lakini tunalitumia pia kwa akili: kazama kwenye kitabu, kazama kwenye simu, kazama kwenye mawazo. (Kuzamia ni habari nyingine, hiyo ya wanaojificha melini wasafiri bila ruhusa.) Kuna jirani kasema bibi siku hizi anazubaa. Nakataa kabisa. Aliyezubaa macho yapo, akili haipo popote. Akili ya bibi yote ilikuwa ndani ya kile kikapu, mstari kwa mstari.

Viazi tumevikwangua, tukala na chai. Kikapu kimebaki mdomo tu.