Mita moja ya mraba: nilivyoacha kuwatembeza wanafunzi na kuanza kuwaketisha

Nilipoanza kufundisha sayansi katika darasa la nne, niliamini kwamba ubora wa ziara ya mazingira hupimwa kwa urefu wa njia iliyotembewa na wingi wa vitu ambavyo mwalimu amevitaja. Ziara yangu ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 42, njia ya kilomita nne ndani ya msitu mdogo, na karatasi ya maswali 20 ambayo kila mwanafunzi alitakiwa kuijaza kabla ya kurudi. Tulirudi tumechoka na karatasi zimejaa, lakini nilipoketi kuzisahihisha jioni niligundua kwamba majibu karibu yote yalitoka kwa watoto wanne au watano waliokuwa wakitembea bega kwa bega nami, na waliobaki walikuwa wamenakili huku wakikimbilia mstari usiwaache. Mtoto mmoja, katika nafasi ya kueleza alichokiona msituni, aliandika: "Niliona migongo ya wenzangu." Nilitaka kumkata alama, kisha nikakiri moyoni kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma.

Siku hiyo hiyo nilipata fundisho jingine, nalo lilinitisha zaidi. Wakati wa kuondoka niliwahesabu wanafunzi wakiwa wamesimama kwenye foleni, nikapata 42, nikaridhika. Dakika chache baadaye mwenzangu wa darasa jingine alikuja akimtafuta mwanafunzi wake, na tukamkuta kwenye foleni yangu, akipiga soga na rafiki yake. Maana yake ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi na mtoto wangu mmoja hakuwepo. Tulimpata karibu, amechuchumaa akitazama sisimizi, wala hakujua kwamba tulikuwa tukimtafuta. Tangu hapo sihesabu vichwa peke yake. Kila mwanafunzi ana mwenzake, kila jozi ina namba, na ninapopuliza filimbi jozi hutaja namba zao kwa mfuatano; ukimya ukitokea baada ya namba saba, najua mara moja ni akina nani wa kutafutwa.

Mtoto yule wa sisimizi alinifikirisha kwa majuma kadhaa. Katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameona kitu, na alikiona kwa sababu alikuwa ameachwa nyuma. Kwa hiyo, ziara iliyofuata niliipanga kinyume kabisa cha ile ya kwanza. Nilichukua kamba saba, kila moja ya urefu wa mita nne ikiunganishwa ncha zake, nikazitia alama kila baada ya mita moja, na kwa vijiti vinne zikawa miraba ya mita moja kwa mita moja. Kila kundi la watoto sita lilipewa mraba wake, sinia jeupe, kijiko, brashi laini ya rangi, na lenzi mbili za mkono. Karatasi ya maswali 20 niliiacha mezani. Swali lilikuwa moja tu: nani anaishi hapa, na anakula nini?

Dakika tano za mwanzo zilikuwa ngumu, na ni vizuri mwalimu anayekusudia kujaribu jambo hili ajue mapema ili asivunjike moyo. Karibu kila kundi liliniita kwa kauli ile ile: "Mwalimu, hapa hapana kitu." Mkono uliniwasha niwaonyeshe, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuona buibui mdogo kwenye kona ya mraba mmoja. Nilijizuia, nikawaambia waendelee kutazama mahali hapo hapo bila kugusa chochote. Baada ya muda sauti zilianza kushuka zenyewe, na vichwa sita vikawa juu ya kipande kimoja cha ardhi.

Kundi moja lilimpata jongoo chini ya majani makavu, na jingine likamwona tandu akikimbilia ufa. Ubishi ukazuka, kwani watoto wa kundi la pili walisema ni mdudu yule yule wa wenzao, ila wa kwao ana haraka. Badala ya kutoa jawabu, niliwaomba wamtazame jongoo kwenye sinia kwa lenzi na kuhesabu miguu katika pingili moja tu ya katikati ya mwili. Wakapata miguu minne, yaani jozi mbili. Tandu sikumruhusu aguswe, kwa kuwa ana kucha zenye sumu karibu na kichwa na huuma kwa maumivu makali. Kwake tulitumia picha niliyokuwa nayo, wakaona jozi moja tu katika kila pingili. Hapo msichana mmoja akauliza kwa nini mwenye miguu mingi zaidi ndiye anayekwenda polepole, na swali hilo likaturudisha kwenye lile la asubuhi. Jongoo hula majani yaliyokufa, na majani hayakimbii, ilhali tandu anaishi kwa kuwinda. Sidhani kama ningeweza kuwaeleza uhusiano wa mwili na chakula kwa ubao na chaki wakauelewa namna ile.

Gogo lililolala chini mara nyingi huwa na viumbe wengi, lakini linahitaji utaratibu. Mtu mzima ndiye anayelifunua, akivuta upande wa mbali kuelekea kwake, ili gogo lenyewe liwe ngao kati yake na chochote kilichomo. Watoto wote husimama nyuma yake. Baada ya kutazama, gogo hurudishwa lilivyokuwa, kwa sababu nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo ikikauka hufa. Nilipowaeleza sababu hiyo, wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa wakiwakemea waliosahau kulirudisha.

Mwanafunzi wetu mmoja hutumia kiti cha magurudumu, na katika ziara ile ya kilomita nne alikuwa amebaki shuleni, jambo ambalo bado linaniuma kulisimulia. Ziara ya miraba ilimfaa bila kubuni lolote la pekee: mraba wa kundi lake uliwekwa kando ya njia iliyo imara, na sinia likawa mapajani pake, hivyo akawa mwenye lenzi na mwandishi wa kundi. Wenzake walimletea kila kitu, na daftari lake likawa nadhifu kuliko yote.

Maandalizi ya usalama nayafanya siku chache kabla, nikienda mahali penyewe saa ile ile ambayo watoto watakuwepo, kwa kuwa mahali palipo na kivuli asubuhi huenda pakawa pa moto adhuhuri. Safari moja nilikuta kiota cha nyigu juu kidogo ya mahali nilipokusudia kuweka miraba mitatu, nikahamisha kila kitu. Fomu ya idhini ya wazazi inauliza waziwazi kuhusu pumu na mzio wa kuumwa na nyuki, na dawa ya mtoto hubebwa na mtu mzima anayekaa na kundi lake, si kwenye mkoba ulioachwa mbali. Kila kundi lina mtu mzima mmoja, mara nyingi mzazi. Hao, nakiri, ni wagumu kuwafunza kuliko watoto, kwa sababu hawawezi kuvumilia kutojibu. Siku hizi nawapa sentensi moja tu ya kutumia: "Hebu tuangalie tena."

Kwa upande wa hesabu, nimebakiza zoezi moja ambalo halijawahi kushindwa. Tunasimamisha kijiti cha mita moja juani, tunapima kivuli chake, kisha tunapima kivuli cha mti. Kivuli cha kijiti kikiwa sentimita 80 na cha mti mita 9.6, mti una urefu wa mita 12. Vipimo vyote viwili vichukuliwe kwa wakati mmoja, kwenye ardhi tambarare, kwani jua halingoji.

Darasani tulitundika karatasi kubwa na kuandika kila kiumbe kilichoonekana, kisha wanafunzi wakachora mishale kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji. Kitabu chao kilikuwa kimewaonyesha mnyororo wa chakula kama mstari mmoja ulionyooka. Mishale yao ilikatana kila upande, na mingi ilianzia kwenye majani makavu, ambayo mwanzoni walikuwa wameyaita takataka. Tulibaki na alama za kuuliza kando ya viumbe watatu ambao hatukujua wanakula nini, nami niliziacha hapo hapo.

Mwalimu mkuu aliniuliza kwa nini mwaka huu sikuomba gari la kutupeleka mbali zaidi. Nilimwonyesha ile karatasi yenye alama za kuuliza, nikamwomba badala yake ruhusa ya kurudi mahali pale pale mvua zikianza. Vijiti vinne vya kila mraba tulikuwa tumeviacha ardhini, vimefungwa kitambaa chekundu, na kila kundi linajua mraba wake uko wapi.