Bili ya joto Manitoba, na kijiji kilichochoma samadi

Bili ya Januari ya kupasha nyumba joto hapa Manitoba, Kanada, ukiifungua unadhani wamekubambikia na ya jirani. Nje nyuzijoto 30 chini ya sifuri. Hiyo pesa huko nyumbani ni kodi ya miezi mingapi, pigeni hesabu wenyewe.

Kusini mwa jimbo hili, karibu na Altona, kuna kijiji cha wakulima kinaitwa Neubergthal. Kilianzishwa 1876 na Wamennonite, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti, waliohama Urusi, eneo ambalo leo ni Ukraine. Ndugu wa Musoma na Shirati jina mnalijua kwa KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania), ila wale wamisionari wa 1934 walitoka Marekani; hawa ni ukoo mwingine.

Uwanda ule kuni ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo walichoma samadi. Ya zizini ilirundikwa baridi nzima. Theluji ikiyeyuka inatandazwa, inachanganywa na mabua, farasi wanaikanyaga mpaka ishikane, halafu inakatwa kwa sepetu kama tofali na kuanikwa. Isipokauka vizuri, ni moshi tu. Tanuri la matofali lilikaa katikati ya nyumba, kila ubavu wake ukiwa ukuta wa chumba, hivyo moto mmoja ulitosha vyumba vitatu, vinne, na matofali yalibaki na joto moto ukishazima. Zizi liliunganishwa na nyumba: unakwenda kukamua bila kukanyaga theluji. Ubaya wake, nyasi za zizini zikishika moto na nyumba imekwenda. Ndiyo maana walikuwa na mfuko wao wa kuchangiana majanga ya moto.

Ardhi sasa. Serikali ilitoa ekari 160 kwa ada ya dola 10, sharti uishi kwenye shamba lako. Wao hawakutaka kutawanyika, na 1876 sheria ikarekebishwa ili wakae kijijini. Wakaunganisha mashamba, wakagawana ngwe, kila familia ipate udongo mzuri na mbovu. Malisho yalikuwa ya wote, na mchungaji mmoja, wa ng'ombe jamani, alilipwa na kijiji. Mtasema Ujamaa. Labda, ila hapa hakuna aliyepakiwa kwenye lori.

Tatizo lilikuwa hati: kila moja ilibaki na jina la mtu mmoja. Akikorofishana na wenzake anadai ekari zake 160, na ngwe za wengine zinakatika katikati. Kisheria hawakuwa na la kumfanya, na vijiji vingi vilisambaratika hivyo. Mnaopanga kuja kununua ardhi kikundi, andikishaneni kwanza, undugu utafuata.

Na mnaotembea na barua za ahadi za mawakala: hawa walikuwa na barua ya serikali ya 1873 iliyowaahidi uhuru kamili wa shule zao. Kwenye amri rasmi yaliongezwa maneno machache tu, "kwa mujibu wa sheria". Mwaka 1916 jimbo likalazimisha shule za Kiingereza, na kuanzia 1922 maelfu ya Wamennonite wa Manitoba wakapanda treni kwenda Mexico, na mifugo yao.