Asilimia 114

"Ufanisi wa mashine yetu ni asilimia 114," alisema mwanafunzi wangu, kifua mbele, ukumbi umejaa walimu wa kata nzima. Jaji mmoja, mzee aliyestaafu kufundisha fizikia, akaweka kalamu mezani.

"Mwanangu, kwa hiyo ukiipa kazi ya mia, inakurudishia mia na kumi na nne?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi nchi hii umeme hautakatika tena."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi kule nyuma nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana hesabu ile niliikagua mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Niliipiga alama ya vema na pembeni nikaandika "safi sana".

Nafundisha sayansi darasa la sita, Bagamoyo, katika shule isiyo na maabara. Mwaka ule mada ya mashindano ilikuwa mashine rahisi. Kila shule ilete watoto wanne na kifaa kimoja, kimetengenezwa kwa vitu vya mazingira yao, gharama isizidi shilingi 10,000. Shule nyingi zilikimbilia wenzo, kwa sababu ukishapata ubao na jiwe la egemeo kazi imekwisha. Wangu walitaka roda, lile gurudumu linalopitisha kamba ya kuinulia mzigo. Kitabuni ni roda, ila wao wanaita kapi, kwani wawili kati yao baba zao ni mabaharia na kapi wamelichezea kabla hawajajua kusoma.

Magurudumu manne tuliyakata kwenye soli za ndala zilizokwisha, vilevile watoto wanavyokata matairi ya magari yao ya kuchezea. Ekseli ikawa msumari wa inchi nne. Magurudumu mawili juu, kwenye tawi la mwembe wa shule, na mawili chini yakishika ndoo. Kamba ya katani ikazunguka kote, ikawa ndoo inabebwa na sehemu nne za kamba. Uwiano wa mwendo ni 4, yaani ili ndoo ipande mita 1 lazima uvute kamba mita 4. Ndoo na maji yake vilikuwa kilo 10. Mizani ya kuning'iniza tuliazima kwa muuza samaki. Inasoma kilo, si nyutoni, kile kipimo cha kani, lakini haikutusumbua, maana tulikuwa tunagawanya kilo kwa kilo.

Pasingekuwa na msuguano hata chembe, wala uzito wa kapi la chini, mkono ungevuta kilo 2.5. Mizani ikasoma 2.2. Watoto wakaruka juu: tumekishinda kitabu! Kumi gawanya kwa 2.2 ni 4.5 na kidogo, gawanya kwa 4, unapata hiyo 114. Nimeandika ubaoni mara zisizo na idadi kwamba ufanisi wa mashine haufiki 100. Siku ile nikajiambia mizani ya samaki ina hitilafu ndogo tu, yaishe.

Shule tulikuwa tano na za kupita ni tatu. Tukapita wa tatu, kwa huruma naamini. Wilayani ilikuwa wiki tatu mbele.

Kesho yake niliwaambia warudie kila kitu, mimi nitazame tu. Wakavuta ndoo mpaka juu, wakatulia, mmoja akasoma mizani. Hapo hapo nikaona. Nikamwambia, "Sasa soma ndoo ikiwa inapanda, polepole, usiistue." Kilo 4. Isimame: 2.2. Iteremshe taratibu: 1.6. Kapi lilelile na ndoo ileile, namba tatu.

Msuguano hupinga mwendo wowote ule. Ndoo ikipanda, unampinga anayevuta. Ndoo ikitaka kushuka, unaipinga ndoo, kwa hiyo anayeshika kamba anapata msaidizi. Watoto walipima msaada wa msuguano wakadhani ni uhodari wa mashine. Nilianza kuchora mishale ubaoni, msichana wangu wa mstari wa mbele akanikatiza: "Mwalimu, si ni kama mbuzi? Ukimvuta aje anagoma, ukimsukuma arudi anagoma." Nikafuta mishale yangu.

Ufanisi wa kweli, basi, ulikuwa 2.5 kwa 4, asilimia 63. Darasa likanywea. Kijana mmoja akanong'ona kwamba wilayani majaji ni wengine, twende tu na ile 114. Nilimkaripia, ingawa wazo lenyewe lilikuwa limeshanipitia kichwani kabla yake.

Jumamosi tukashuka pwani. Babu wa kijana huyohuyo alikuwa nahodha miaka mingi, akivuka Bagamoyo na Unguja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Hebu leteni hicho kitu."

Akalishika kapi letu la ndala, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Halikumaliza hata nusu mzunguko. "Hili haliendi. Mpira umeng'ang'ania chuma." Akatupeleka kwenye mashua iliyopwelewa, akatuonyesha gofia, kapi linalopitisha henza, kamba ya kupandishia tanga, pale wanapopandisha foromali, ule mti unaofungiwa tanga, na tanga lake. Gurudumu ni la mti mgumu, pana. Pini ni nyembamba. Tundu limeachiwa nafasi kidogo. Akalisukuma kwa kidole kilekile, likazunguka mpaka tukachoka kulisubiri. Siku hizi anapaka grisi. Zamani, alisema, alipaka chochote chenye mafuta, hata sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo. Kopo la sifa lilikuwepo karibu. Alipolifungua watoto wote wanne wakaziba pua.

Nikawauliza, kwa nini gurudumu liwe pana? Walikaa kimya kitambo. Kisha yule wa mbuzi akaweka kidole kwenye pini, kingine ukingoni mwa gurudumu, akapima umbali kwa macho. "Hapa katikati ndipo penye egemeo. Kamba inavuta huku mbali, msuguano uko hapa karibu." Wenzo, kumbe, umejificha ndani ya kapi. Mimi nilikuwa nikifundisha hizo kama mada mbili, wiki mbili tofauti.

Tulivyorudi niliweka sharti moja: tunabadilisha kitu kimoja, tunapima mara tano ndoo ikipanda, tunaandika, ndipo tunagusa kingine. Sharti hili liliwaudhi kuliko yote, maana walitaka kubadilisha vyote jioni ileile. Kwanza kamba. Katani ni ngumu kukunjika, tukaweka nailoni ya wavuvi. Mizani ikashuka kutoka 4 hadi 3.7. Halafu magurudumu ya mabaki ya mninga kutoka kwa seremala, upana sentimita 9, tumeyapiga msasa mpaka vidole vikachubuka: 3.3. Mwisho grisi ya kopo la fundi baiskeli: 3.1. Asilimia 81. Kapi la chini peke yake tulilipima gramu 400. Mzigo huo tunaupandisha kila safari bila kuuhesabia faida, na watoto waliuandika kwenye bango kwa herufi nyekundu. Fedha zote zilizotumika ni shilingi 8,500.

Wilayani, jaji wa kwanza kufika mezani kwetu ni nani? Mzee yuleyule. Kijana wetu wa 114 akajificha nyuma ya bango.

"Safari hii ngapi?"

"Asilimia 81, ikipanda," akasema msichana.

Lile neno "ikipanda" likamfanya mzee ainue macho. "Na ikisimama?" Hawakujibu kwa maneno. Walimpa kamba avute mwenyewe, asimame, ateremshe, huku mmoja akimsomea namba kwa sauti. Alirudia mara tatu. Hakusema kitu, aliandika tu, kwa muda mrefu. Meza iliyofuata palikuwa na kapi jingine, zuri kuliko letu, limepakwa rangi, na bangoni "UFANISI 100%". Tukamsikia akiuliza, "Mlisoma mizani wakati gani?" Nikageuka nisiwatazame wale watoto, kwa kuwa jibu nililijua.

Tulikuwa wa pili. Walioshinda walileta wenzo wa kubangulia korosho, na majaji walizila korosho zenyewe palepale mezani. Sina kinyongo, nami nilipewa tatu.

Jumatatu jioni nilirudisha mizani sokoni pamoja na yule msichana. Mwenyewe akaitundika, akampachika kolekole wa mteja, samaki bado anabembea, na kabla mshale haujatulia akataja kilo mbili na nusu.

"Mjomba," msichana akamwambia, "subiri kwanza asimame."