Badilisha vipuri kabla hujalipia baiskeli

Baiskeli ya milioni tano, nane au kumi hupangwa kiwandani kwa ajili ya mpanda wa kawaida wa nchi nyingine: lami laini, vumbi kidogo, na duka la vipuri mtaa wa pili. Ikifika Dodoma inakutana na mbigili, vumbi jekundu, upepo wa kiangazi unaokupiga usoni kilomita nzima nzima, na mafundi hodari ambao masanduku yao yamejaa vipuri vya Phoenix na vya inchi 26. Baiskeli yenyewe haina kosa. Kinachohitaji kusahihishwa ni orodha ya vipuri, na wakati wake ni kabla pesa haijatoka mfukoni.

Hesabu iko wazi. Stemu (kipande kinachoshika usukani), kiti, usukani au kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) ikitolewa kwenye baiskeli ambayo haijapandwa, muuzaji anairudisha rafuni kama mpya, kwa hiyo anaweza kukubadilishia bure au kwa tofauti ya bei tu. Ukishaipanda hata kilomita 50, ulichokitoa kimekuwa mtumba na mbadala wake unaulipia wote, pamoja na nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi.

Anza na tairi, maana hapo ndipo Dodoma inapouma.

Baiskeli nyingi za barabara na za njia za changarawe zina gurudumu la 700C. Pale tairi inapokaa kwenye rimu, kipenyo chake ni milimita 622. Phoenix, ile nyeusi inayobeba mkaa na madumu ya maji, hutumia tairi ya 28 x 1 1/2, ambayo ni milimita 635. Dukani zote mbili unaweza kuambiwa ni "namba 28". Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi ya 635 kwenye rimu ya 622 inapwaya na kuchomoka ikijazwa upepo, na ya 622 haipandi kabisa kwenye rimu ya 635. Soma namba ndogo ubavuni: 40-622 maana yake upana milimita 40, kipenyo 622. Kwa kuwa namba hiyo huipati kwa urahisi sokoni Majengo wala Sabasaba, agiza tairi moja ya akiba inayokunjika pamoja na baiskeli. Tyubu ina huruma zaidi, inanyumbulika. Ya inchi 26 inaweza kukufikisha nyumbani ndani ya tairi ya 700C.

Upana: kwa lami ya kwenda Chamwino au Bahi, milimita 32 inatosha na ni bora kuliko milimita 28 ambayo baiskeli nyingi za barabara huja nayo. Kwa njia za Hombolo au Mvumi chukua 40 hadi 45. Mwambie muuzaji apime nafasi kati ya tairi na fremu, nyuma na mbele. Nisingekubali chini ya milimita 5 kila upande, kwa sababu tope la masika likinata na kubeba mchanga linasaga rangi, halafu linaanza kusaga kaboni ya fremu yenyewe.

Mbigili na miiba ya migunga haitaki mjadala: chukua tairi isiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba pancha ndani. Mwombe muuzaji afunge mfumo wote mwenyewe, kwa sababu tepu ya rimu ikiwa nyembamba upepo unapenya kwenye matundu ya spoku na utahangaika nao miezi. Tepu iwe pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3. Kwa tairi ya 40, viwanda vingi hushauri mililita 60 hivi. Kwa hapa weka 80 hadi 100. Maji hayo ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji ya kawaida, na hewa kavu ya Julai hadi Novemba inayakausha upesi. Chupa ikisema yanadumu miezi miwili au mitatu, wewe kagua kila wiki nne hadi sita. Nunua chupa ya lita moja. Ukichomwa, chomoa mwiba, geuza tundu litazame chini, subiri sekunde kadhaa. Na bado beba tyubu moja, kwa ajili ya siku tairi itakapochanwa na chupa iliyovunjika.

Vali ni jambo dogo linalowakwamisha watu barabarani. Magurudumu haya yana vali nyembamba ya Kifaransa. Pampu na kompresa za vijiwe vya bodaboda ni za vali nene kama ya gari. Kuna kichwa cha shaba cha kugeuzia, kidogo kama ncha ya kidole. Nunua vitatu. Asitokee mtu wa kukutobolea rimu ili vali nene ipite: tundu linatoka milimita 6.5 hadi 8.5, na rimu ya kaboni ikitobolewa imeharibika.

Hapo hapo uliza kama rimu ina ndoano ya kushika ukingo wa tairi. Rimu nyingi za kisasa za kaboni hazina, na mwisho wa shinikizo lake ni ba 5, yaani psi 72 hivi. Kompresa ya bodaboda inavuka hapo kwa sekunde chache, na tairi ikichomoka kwenye mwendo mpanda anaanguka. Kwa mji ambao upepo unajazwa kijiweni, mimi ningelipia rimu yenye ndoano. Shinikizo lenyewe ni la chini kuliko wengi wanavyodhani: mpanda wa kilo 70 mwenye tairi ya 40 isiyo na tyubu anaanzia psi 35 hadi 40.

Sasa gia. Hapa watu hununua sifa badala ya matumizi. Baiskeli ya barabara mara nyingi huja na sahani mbili mbele, za meno 50 na 34 (50/34), na kaseti ya meno 11 hadi 34 nyuma (11-34). Gia yake nyepesi kabisa, 34 kwa 34, inasogeza baiskeli mita 2.1 hadi 2.2 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, unatembea kilomita 10 kwa saa na kidogo. Kwenye milima ya Nyang'oro baada ya Mtera, ukiwa na mizigo na jua la saa nane, hutaweza kushika mwendo huo. Utaanza kukanyaga polepole kwa nguvu na magoti yatakudai. Ukiwa na 46/30 mbele na 11-36 nyuma, mzunguko mmoja unakupa mita 1.8, kilomita 8.7 kwa saa kwa miguu ile ile. Na hupotezi chochote cha maana upande wa kasi: 46 kwa 11, mizunguko 90, ni kilomita 49 kwa saa. Upepo wa Agosti ukiwa mbele yako kuelekea Ihumwa, hutaitafuta 50 kwa 11.

Wengine hupenda sahani moja mbele, mfano meno 40 na kaseti ya 10-45. Inapanda karibu sawa, ina vitu vichache vya kuharibika, ila hatua kati ya gia na gia ni kubwa, na kwenye tambarare ndefu kama ya Manyoni unakosa ile gia ya katikati inayolingana na upepo. Kwa safari za lami ndefu ningebaki na sahani mbili. Kwa njia za vumbi tupu, moja.

Mtego uko hapa. Kaseti haibadilishwi peke yake. Ya kampuni ya Shimano inayoanzia meno 11 hukaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya aina ya HG. Inayoanzia 10 inataka Micro Spline. Zile za kampuni ya SRAM zinazoanzia 10 zinataka XD au XDR. Ukikubaliana kubadilisha kaseti bila kutaja habu, itafika kaseti isiyoingia. Direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha mnyororo, nayo ina mwisho wake: ya Shimano 105 ya kebo, R7100, inaishia meno 36, na ukilazimisha 40 kigurudumu chake cha juu kinasaga kwenye sproketi, yaani gia ya kaseti. Tena mnyororo lazima ukatwe upya. Fundi akiongeza kaseti kubwa akaacha mnyororo wa zamani, siku utakapoingiza sahani kubwa na sproketi kubwa kwa pamoja mnyororo utakosa urefu, utavuta direla mpaka ing'oke na hanga lake, kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu.

Kuhusu gia za umeme: ni nzuri na hazisumbui. Lakini waya wa kebo wa milimita 1.2 unabadilishwa na fundi yeyote makini wa Dodoma kwa nusu saa, na betri au swichi iliyokufa inasubiri kifurushi. Seti mpya za Shimano za Ultegra na Dura-Ace, tangu 2021, ni za umeme tu. Seti zake za 105 na GRX bado zina za kebo, na hizo ndizo ningechagua hapa. Tofauti ya bei ipeleke kwenye magurudumu.

Usukani na stemu. Baiskeli nyingi za bei ya juu sasa zina usukani na stemu vilivyoungana kuwa kitu kimoja cha kaboni, paipu za breki zikipita ndani. Urefu ukikukataa, kubadilisha ni kufungua paipu, kuunga upya, kutoa hewa kwenye breki, na wakati mwingine kununua paipu ndefu zaidi. Kwa hiyo ama pimwa vizuri kabla, ama omba usukani na stemu vilivyotengana. Upana wa usukani ulingane na mabega, mfupa hadi mfupa, na uliza kama muuzaji anapima katikati hadi katikati au nje hadi nje. Tofauti hufika sentimita 2. Shina la uma wa mbele, linaloshikwa na stemu, lisikatwe mapema. Acha pete za milimita 20 au 30 chini ya stemu, panda mwezi mmoja, ndipo ukate. Kilichokatwa hakirudi.

Mikono ya krenki, inayobeba pedeli, huja na urefu wa milimita 170 au 172.5. Mtu wa sentimita 160 aombe 165. Ni kipuri ghali kununua baadaye. Kiti: kalia kipande cha boksi la karatasi juu ya ngazi ya saruji, inua miguu kidogo, pima kati ya mashimo mawili yaliyobonyea, ongeza milimita 25 hivi. Huo ndio upana wa kuomba.

Breki. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM za barabara hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari. DOT 4 ipo kwenye maduka ya vipuri vya magari, mafuta ya madini ya breki hayapatikani kirahisi, kwa hiyo agiza chupa ya mililita 100. Kamwe usibadilishane: sili zitavimba na breki itakufa. Pedi za kiwandani huwa za resini, na mchanga unazila haraka. Omba za chuma, lakini angalia diski kwanza. Za bei ya chini huchongwa maandishi kwamba ni za resini tu, na pedi ya chuma inazimaliza.

Magurudumu yawe na spoku 28 au 32 za kichwa kilichopinda, aina ambayo fundi yeyote anaijua. Urefu hutofautiana kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa hiyo agiza mbili mbili za kila urefu. Hanga za direla, mbili. Beringi za krenki ziwe za kufungwa kwa nyuzi. Zile za kugongewa zikishaingia vumbi huanza kulia kila ukikanyaga.

Andika yote kwenye ujumbe mmoja, usiamini maneno ya simu:

"Habari kaka. Kabla sijalipa naomba uthibitishe: sahani 46/30, kaseti 11-36, habu ya HG, mnyororo umekatwa kwa kaseti hiyo. Krenki 165. Stemu 90, usukani 42 katikati hadi katikati, uma usikatwe. Tairi 40-622 zisizo na tyubu, maji mililita 90 kila moja, rimu yenye ndoano. Pedi za chuma na diski zinazozikubali. Hanga 2, spoku za akiba, tairi 1 ya akiba. Nitumie picha za kila kipuri na bei ya tofauti."

Boksi likifika stendi, usiguse mkono wa breki gurudumu likiwa nje na kile kiplastiki cha kati ya pedi kikiwa kimetoka. Pistoni zitabana na diski haitaingia. Tazama hanga kwa nyuma, inapinda kwenye mabasi. Stemu kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama ilivyoandikwa, mara nyingi Nm 5. Baada ya kilomita 100 hadi 200 rudia kukaza bolti zote na kurekebisha kebo za gia, kwa kuwa maganda yake yatakuwa yamejikaza na gia zitaanza kuruka.