Kutoka tanuri za Murano hadi soko la Ujiji

Boti ya abiria inayotoka Fondamente Nove, gati la mji wa Venice, Italia, hupita kwanza San Michele, kisiwa cha makaburi, na punde si punde unashuka Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo. Wengi niliopanda nao walifuata vikombe na mapambo ya kioo. Mimi nilifuata shanga.

Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru tanuri za vioo ziondolewe mjini kwa hofu ya moto, na mafundi wakajikuta kisiwani. Tangu hapo serikali iliwapa heshima kubwa na kuwachunga vikali, wasije wakatorokea nchi nyingine na siri zao. Kokoto walizosaga zilitoka mto Ticino. Majivu ya mimea yalikuja kwa meli kutoka Shamu.

Karakana niliyoingia ilikuwa na tanuri moja iliyowaka nyeupe. Fundi mkuu aliketi akizungusha bomba la chuma bila kupumzika, kwa sababu akisimama tu, kioo laini kinaning'inia upande. Kijana alimletea tonge la kioo kwa ufito, akalipokea, akalikata kwa mkasi. Hawakusemezana hata neno.

Kwenye jumba la makumbusho, Museo del Vetro, ndipo nilipokaa muda mrefu. Ushanga mdogo haupulizwi mmoja mmoja. Fundi hufanya tundu ndani ya donge la kioo cha moto, mwenzake hugandisha ufito upande wa pili, kisha wanakimbia kila mtu na njia yake. Donge linavutika likawa mrija mrefu mwembamba, na tundu limo humo humo. Mrija ukishapoa hukatwa vipande, vikachanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili matundu yasizibe, vikazungushwa motoni mpaka kingo zikalainika. Wazo hilo la kukimbia bado linanistaajabisha.

Kutunga ilikuwa kazi ya wanawake, wengi wao wa mtaa wa Castello. Waliitwa impiraresse. Waliketi vibarazani na sinia la mbao mapajani, limejaa shanga, wakichota kwa sindano ndefu nyingi zilizotandazwa mkononi kama upepeo. Walilipwa kwa kiasi walichotunga, tena malipo duni. Mafundi wa tanuri wanasifiwa kila kona ya kisiwa. Kwangu mimi akina mama hawa wanastahili sifa ile ile.

Maana shanga hizo zilifika kwetu. Katika karne ya 19 zilishushwa Zanzibar kwa wingi, zikabebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, zikalipia chakula na hongo, yaani ushuru wa kupitishwa, njiani. Zilihesabiwa kwa kete, yaani nyuzi za shanga, na kete 10 zilifanya fundo. Na wanunuzi wa bara hawakupokea chochote walicholetewa. Nyekundu, samesame, ilipendwa sehemu nyingi. Nyeusi ilikubalika Ugogo, lakini kwingine haikuwa na thamani. Sungomaji, ushanga mkubwa kama yai la njiwa, ulikuwa fedha Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukakataliwa kwingineko. Kwa hiyo tajiri wa msafara, kabla hajafunga mizigo pwani, aliulizia kwanza kwa waliotoka bara karibuni: mwaka huu wanataka rangi gani?